Wendell Smith na Timu ya Brooklyn
Wendell Smith alijiunga na Pittsburgh Courier, gazeti la Weusi, mwaka 1937, wakati ligi kuu za besiboli Marekani zilikuwa zimewafungia Weusi milango. Aprili 1945 aliwapeleka wachezaji watatu, Jackie Robinson akiwemo, kufanyiwa majaribio Boston. Hakuna aliyesajiliwa. Smith hakukata tamaa: alimpendekeza Robinson kwa Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers, na tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanja wa Ebbets Field akiichezea timu hiyo. Smith mwenyewe, akinyimwa kiti miongoni mwa waandishi Wazungu, alipiga taipureta jukwaani, katikati ya mashabiki. Alifariki mwaka 1972. Tuzo kuu ya waandishi wa besiboli, aliyoistahili akiwa hai, alitunukiwa ile ya mwaka 1993.