Kutoka Kura Tatu Hadi Uraia Mmoja: Tanganyika Ilivyojiundia Serikali

Mpigakura wa Tanganyika mwaka 1958 hakuruhusiwa kumchagua mtu mmoja. Sheria ilimtaka achague watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Aliyempigia Mwafrika peke yake, kura yake iliharibika. Tena, kabla hata ya kuandikishwa alitakiwa awe na kipato, elimu au cheo ambacho Waafrika wengi hawakuwa nacho. Wazungu hawakufika hata mmoja katika kila wakazi mia, lakini viti vya kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria viligawanywa sawasawa kwa jamii zote tatu.

Mpango huo ulisimamiwa na Gavana Edward Twining, na ulikuwa na shabaha yake. Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Baada ya Wajerumani kushindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilikabidhiwa nchi hii kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na tangu 1946 iliitawala chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, kwa sharti la kuiandaa ijitawale. Sharti hilo lisingeweza kukwepwa milele. Kilichobaki kwa watawala kilikuwa kuamua ni serikali ya namna gani ingerithi nchi, na kura tatu ziliwekwa ili rangi ya mtu iwe msingi wa serikali hiyo.

Chama cha TANU, kilichozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kililishikilia sharti hilo hilo. Machi 1955 kiongozi wake, Julius Nyerere, alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York, na mwaka huo huo akaacha ualimu Pugu ili akitumikie chama. Huku nyumbani Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU, alikuwa akizunguka kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama wa Dar es Salaam. Wanawake waliokwisha kuzoea kukutana, kuchangishana na kuaminiana waliingia TANU kwa maelfu. Chama kilikua kwa njia ambazo ofisi ya gavana haikuzijua vizuri.

Kwa hiyo mkutano wa Tabora, Januari 1958, ulikuwa mzito. Je, TANU ishiriki uchaguzi wa kura tatu au iususie? Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira ya haki, kwani kushiriki kulionekana ni kukubali ubaguzi. Nyerere alijenga hoja kwamba chama kikisusia, wapinzani wake wa United Tanganyika Party watajaza baraza na kusema kwa jina la wananchi. Mkutano ukakubali kushiriki. Mwanachama mmoja, Zuberi Mtemvu, hakuridhika. Akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress.

Kilichofuata kiliugeuza mpango wa Twining dhidi ya waliouandaa. Kwa kuwa kila mpigakura alilazimika kuchagua watu wa jamii zote, hakuna Mzungu wala Mwasia aliyeweza kushinda bila kura za Waafrika. Waafrika nao waliifuata TANU. Wagombea waliouunga mkono uhuru, kama Derek Bryceson, Amir Jamal, Sophia Mustafa na Marion Chesham, waliingia barazani kwa nguvu ya chama ambacho wakati huo hakikuwa bado kimewafungulia mlango wa uanachama. Uchaguzi ulifanyika kwa duru mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na United Tanganyika Party haikuinuka tena. Gavana mpya, Richard Turnbull, aliyetoka Kenya ya miaka ya uasi wa Mau Mau, aliona heri apatane na TANU kuliko kupambana nayo.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Nyerere akawa Waziri Kiongozi. Machi 1961 mkutano wa katiba ulifanyika Dar es Salaam, na Mei Mosi nchi ikapata madaraka ya ndani.

Hata hivyo, siku ninayoiheshimu zaidi katika safari hii haina gwaride. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa, wabunge walijadili muswada wa uraia. Baadhi yao walitaka uraia uwe wa Waafrika tu. Walikuwa na machungu ya kweli: walibaguliwa mashuleni, kazini na hospitalini. Nyerere alisimama akawaambia kwamba uraia hauwezi kupimwa kwa rangi, na kwamba serikali yake ingejiuzulu kama muswada ungekataliwa. Ulipita. Aliyeonewa kwa sababu ya rangi yake alipata nafasi ya kulipiza, akaiacha. Kwangu mimi, hapo ndipo serikali ya Tanganyika ilipoanza.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, lakini ujenzi wa dola ulikuwa haujakamilika. Malkia wa Uingereza alibaki mkuu wa nchi, na vyeo vingi vya juu serikalini vilishikwa na Waingereza. Januari 1962 Nyerere aliacha uwaziri mkuu ili akakiimarishe chama, akamwachia Rashidi Kawawa. Novemba 1962 alimshinda Mtemvu katika uchaguzi wa rais kwa zaidi ya asilimia 98, na tarehe 9 Desemba Tanganyika ikawa Jamhuri.

Heshima kwa waasisi isitufanye tufumbe macho. Mwaka huo huo wa 1962 ilitungwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani, na mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja uliingizwa katika katiba. Serikali iliyokataa kuwabagua raia kwa rangi ilishindwa kuwavumilia raia wenye mawazo tofauti.

Ndiyo maana mjadala wa Oktoba 1961 unastahili kufundishwa sambamba na sherehe za Desemba. Haki ya uraia iliamuliwa na watu waliokuwa na wingi wa kutosha kuwanyima wachache, wakaamua kutowanyima. Kila serikali iliyokuja baadaye, na kila itakayokuja, inastahili kupimwa kwa kipimo hicho.