Mwandishi wa Visiwa Viwili

Miongoni mwa waandishi waliowatungia vijana hadithi za safari na hatari, Robert Louis Stevenson yumo katika safu ya mbele. Kitabu chake juu ya maharamia na mali yao iliyofukiwa kilitafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929, kikaitwa Kisiwa Chenye Hazina. Na kwa njia hiyo kikawafikia wasomaji wa Kiswahili. Lakini wengi wanaokijua kitabu hawamjui mtu. Nataka, msomaji, umjue, kwa sababu maisha yake yana visiwa viwili: kimoja alikichora kwa rangi juu ya karatasi, cha pili alikikuta baharini, na wenyewe wamo. Tofauti ya visiwa hivi viwili inastahili kufikiriwa na kila kijana apendaye hadithi.

Stevenson alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, tarehe 13 Novemba 1850. Alikuwa mtoto pekee wa wazazi wake, na afya yake ilikuwa dhaifu tangu utotoni. Usiku mwingi aliupitisha kitandani akikohoa, na yaya wake, Alison Cunningham, alikesha naye akimsomea na kumsimulia. Mwili ulifungwa, lakini fikira zilifunguliwa mlango zikatoka kwenda mbali.

Jamaa zake walikuwa wahandisi wa minara ya taa, ile iongozayo vyombo gizani. Babu yake, Robert Stevenson, alijenga mnara wa Bell Rock juu ya mwamba ambao hufunikwa na bahari maji yanapojaa. Taa yake iliwashwa mara ya kwanza mwaka 1811. Thomas, baba yake, alishika kazi hiyo hiyo, akatumaini kuwa mwanawe ataishika pia. Kijana aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1867 kusomea uhandisi. Walakini mwaka 1871 alimkabili baba yake akamwambia kuwa kazi aitakayo ni uandishi. Mzee alihuzunika. Wakapatana kwamba kijana asome sheria, ili asikose riziki, naye akahitimu uwakili mwaka 1875. Uwakili wenyewe karibu hakuufanya. Mwaka 1880 alimwoa Fanny Osbourne, mwanamke wa Marekani aliyekuwa na watoto wawili kwa mume wake wa kwanza.

Kisiwa cha kwanza kilizaliwa kwa sababu ya mvua. Mwaka 1881, mwishoni mwa majira ya joto, jamaa hao walikuwa Braemar, katika milima ya Uskoti. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, nao wakakaa ndani. Lloyd, mtoto wa kambo wa Stevenson, mwenye umri wa miaka 13, alikuwa akijifurahisha kwa kuchora na kupaka rangi, na Stevenson akajiunga naye. Baadaye alieleza kwamba alichora ramani ya kisiwa, akakipa bandari na vilima na majina. Na alipoitazama, watu wa hadithi wakaanza kuchungulia kutoka katika misitu yake. Akashika kalamu. Kila siku aliandika sura moja, kisha akawasomea watu wa nyumbani. Wa kwanza kusisimka alikuwa mzee Thomas, yule yule aliyehuzunika mwanawe alipouacha uhandisi. Yeye ndiye aliyeorodhesha vitu vilivyokutwa ndani ya sanduku la baharia mzee.

Usidhani, msomaji, kwamba kazi ilikwenda hivyo mpaka mwisho. Baada ya sura 15 maneno yalimkauka. Hakuitupa kazi. Alikwenda Davos, katika milima ya Uswisi, kutafuta hewa njema kwa mapafu yake, na huko akaimaliza. Hadithi ilitolewa kwa sehemu katika gazeti la vijana kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882, bila kumtaja, kwa jina la kubuni la Kapteni George North. Mwaka 1883 ilitoka kama kitabu, naye akalipwa pauni 100. Ramani ya kwanza ilipotea ilipopelekwa kwa wachapaji, ikabidi nyingine ichorwe upya kwa kufuata maneno ya kitabu. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ubora wa kitabu hicho hauko katika mapigano peke yake. Uko katika Long John Silver, haramia wa mguu mmoja, ambaye ni mkatili na mwongo, na bado ni jasiri na mwenye maneno matamu. Kijana Jim Hawkins anamwogopa na kumpenda pamoja. Stevenson aliwafundisha vijana kwamba ubaya hauji daima na sura mbaya.

Lakini tazama jambo moja. Kisiwa kile hakina wenyeji. Mali iliyomo ni ya yule atakayeifikia kwanza, na hapana mtu wa kuuliza mgeni amekuja kufanya nini. Katika ramani mambo huweza kuwa hivyo.

Stevenson aliendelea kuandika vitabu vyenye sifa, huku damu ikimtoka mapafuni na waganga wakimhamisha kutoka nchi hadi nchi. Baba yake alifariki mwaka 1887. Mwaka uliofuata alisafiri kutoka San Francisco kuingia Bahari ya Pasifiki, na Desemba 1889 alitia nanga Apia, katika visiwa vya Samoa. Hewa ilimfaa. Alinunua shamba la zaidi ya ekari 300 mahali paitwapo Vailima, akajenga nyumba, akajifunza lugha ya wenyeji. Nao walimwita Tusitala, maana yake mwandishi wa hadithi. Mwaka 1891 hadithi yake juu ya pepo akaaye ndani ya chupa ilitolewa kwa Kisamoa. Inasimuliwa kwamba wageni wengine walimwomba awaonyeshe hiyo chupa.

Hapa palikuwa kisiwa cha pili, nacho kilikuwa na wenyewe. Ujerumani, Uingereza na Marekani zilikuwa zikishindania Samoa, zikiwainua wafalme na kuwashusha kwa faida zao. Nyakati hizo hizo Ujerumani na Uingereza zilikuwa zikigawana nchi zetu za Afrika Mashariki kwa mapatano ya mwaka 1886 na 1890. Wawindaji wa hazina aliowabuni Braemar sasa aliwaona kwa macho, wamevaa mavazi ya heshima na kutia sahihi mikataba. Hakunyamaza. Alipeleka barua kwa magazeti ya London, na mwaka 1892 akatoa kitabu cha historia kueleza madhara waliyotendewa Wasamoa. Wakubwa walichukizwa, yakasemwa maneno ya kumfukuza.

Mwaka 1893 vilitokea vita, na chifu Mataafa, ambaye Stevenson alimheshimu, alishindwa akapelekwa uhamishoni. Machifu waliokuwa upande wake walitiwa gerezani Apia, na Stevenson akawapelekea chakula na tumbaku. Walipofunguliwa mwaka 1894 walimjengea barabara mpaka nyumbani kwake kwa mikono yao wenyewe, shukrani kwa aliyewakumbuka kifungoni. Katika karamu ya barabara hiyo aliwaonya walime ardhi yao na kuitengeneza, ili wengine wasipate sababu ya kuitwaa.

Tarehe 3 Desemba 1894 mshipa wa damu ulipasuka ndani ya ubongo wake, akafa jioni ile ile, mwenye umri wa miaka 44. Wasamoa walifyeka njia ya kupanda mlima Vaea, wakalibeba jeneza lake mabegani, wakamzika juu ya kilele kinachoikabili bahari. Miaka mitano baadaye Ujerumani na Marekani ziligawana visiwa vile. Samoa ya magharibi ilipata uhuru mwaka 1962.

Basi, msomaji, usiache kuvipenda visiwa vya ramani, kwa maana fikira zisizosafiri hudumaa. Lakini siku utakapofika katika nchi usiyoijua, uliza kwanza wenyewe ni nani. Stevenson aliuliza, na wenyewe wakampa kaburi juu ya mlima wao.