Ile Nyumba ya Lamu Inauzwa. Lakini Ilikuwa ya Nani?

Wasee, mshaona yale matangazo: nyumba ya mawe Lamu, ghorofa mbili, paa la makuti, bahari hapo mbele, inauzwa. Kila mtu anauliza bei. Mimi nauliza: hiyo nyumba ilikuwa ya nani?

Mara nyingi ilikuwa ya msichana.

Nyumba nyingi kubwa za mji wa kale zilijengwa karne ya 18 na ya 19, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti si ndefu, ndio maana vyumba ni vyembamba. Familia zenye uwezo zilikuwa na desturi moja: binti akiolewa, anapewa nyumba ama anaongezewa ghorofa juu ya kwao. Bwana ndiye anahamia kwake! Nafasi ikiisha, wanajenga chumba juu ya njia, kinaitwa wikio. Ukitembea Lamu leo unapita chini yake.

Na kuna hesabu hapo. Kwenye mirathi ya Kiislamu, kijana anapata mara mbili ya fungu la dadake. Lakini kitu mzazi amempa mtoto akiwa hai, yaani hiba, hakiingii kwenye mirathi. Kwa hivyo binti alikuwa na paa lake kabla watu waanze kugawana. Ndoa ikivunjika, anayefunga virago ni bwana.

Sasa ilifikaje sokoni? Pesa za Lamu zilitoka kwa majahazi na mashamba yaliyolimwa na watumwa, tusifiche. 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, biashara ikavutwa huko. 1907 utumwa ukafutwa. Mji ukafilisika, na umaskini huo ndio uliokoa nyumba, manake nani alikuwa na pesa ya kubomoa ajenge upya? Miaka ya 1970 mahipi wakafika, halafu matajiri wa Ulaya wakaanza kununua, hasa Shela. 2001 UNESCO ikaweka mji wa kale kwenye Urithi wa Dunia. Mvuvi hawezi tena kushindana na bei.

Nyumbani nako, vizazi vitatu vikipita, nyumba moja ina warithi kibao. Ukumbi haugawanyiki, pesa zinagawanyika. Paa linavuja, fundi wa chokaa anataka hela. Simlaumu anayeuza, bana.

Lakini kuuza si njia pekee. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Anapata ukodishaji tu, usiozidi miaka 99. Na 99 ndio mwisho, si lazima muanzie hapo. Familia inaweza kumpa miaka 15, akarabati, alipe kodi, halafu nyumba irudi. Ama muifanye wakfu: haiuzwi, hairithiwi, na wanaofaidika wanaandikwa.

Jambo la kuniuma ni hili. Kikao cha kuuza kikiitwa, mara nyingi wanaoongea ni wajomba. Dada zetu wako jikoni, na nyumba ilijengwa kwa sababu yao.

Kwa hivyo kabla mtu asaini, ulizeni kwa sauti: nyanya alipewa hii nyumba ili nani asikose pa kulala? Na huyo mtu yuko kwenye hiki kikao?