Sheria Mbili Zisizopatana

Ukipita Kericho au Bomet siku ya kuchuma chai, utaona majani yakitundikwa kwenye mizani kituoni. Jani moja kati ya hayo latii sheria mbili kuu za ulimwengu. Uzito wake watokana na uvutano, ambao Albert Einstein aliueleza mwaka 1915 kuwa ni kupindika kwa nafasi na wakati. Rangi yake ya kijani yatokana na jinsi linavyoipokea nuru ya jua. Nuru hiyo huja kwa vipande vidogo mno viitwavyo kwanta, na elimu yake ilianzishwa na Max Planck mwaka 1900.

Kila sheria imejaribiwa mara nyingi, wala haijashindwa. Ajabu ni kwamba hazipatani. Wataalamu wakiutia uvutano katika kanuni za kwanta, hesabu huleta majibu yasiyo na kikomo, yaani yasiyo na maana.

Jani la chai halitufunulii ugomvi huo, kwani uvutano wa vitu vidogo ni dhaifu kabisa. Hapana budi kutafuta mahali ambapo uzito mkubwa umebanwa katika nafasi ndogo. Mahali hapo ni shimo jeusi, yaani nyota iliyokufa ikajiporomokea, hata nuru isiweze kutoka ndani yake.

Hapa ndipo Kenya inapoingia katika historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku nchi ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo angani. Mwaka 1971 ilionyesha kuwa miali ya Cygnus X-1 hubadilika kwa muda usiofika sekunde moja. Basi chanzo chake hakina budi kuwa kidogo sana. Wataalamu wa nyota wakaipima nyota iliyo jirani nacho, wakatambua kuwa yazungushwa na kitu kizito kisichoonekana. Kikawa shimo jeusi la kwanza kukubaliwa na wengi.

Mwaka 1974 Stephen Hawking alizitumia sheria zote mbili penye ukingo wa shimo jeusi. Hesabu yake ilionyesha kuwa shimo hutoa joto hafifu, na mwishowe hutoweka. Je, habari za vitu vilivyomezwa hupotea pamoja nalo? Sheria ya kwanta yakataa. Ya uvutano yaelekea kukubali. Hata leo hakuna aliyezipatanisha, wala joto hilo halijapata kupimwa.

Setilaiti Uhuru ilipaa kutoka pwani yetu, lakini walioiunda na kuzifasiri habari zake walikuwa wageni. Tangu mwaka 2018 ipo taasisi huko Kigali inayofundisha vijana wa Afrika Mashariki fizikia ya namna hii. Swali lingali wazi, nalo halimwulizi mtu atokako. Lamtaka ajue hesabu na awe na subira.