Udongo wa Fukushima: Kipimo kinachoamua utakakozikwa

TETEMEKO la ardhi na tsunami vilipoharibu kituo cha nguvu za nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, mnamo Machi 11, 2011, chembe za sesiamu zilitua juu ya mashamba, nyua za shule na mapaa ya nyumba. Ili wakazi waweze kurejea, tabaka la juu la udongo lilikwanguliwa, mara nyingi kwa kina cha sentimita tano hivi, kisha likatiwa katika mifuko mikubwa, kila mmoja ukiwa na takriban mita moja ya ujazo.

Kuanzia Machi 2015, malori yalisomba mifuko hiyo hadi katika ghala la muda lililotengewa hekta 1,600 katika miji ya Okuma na Futaba, kandokando ya kituo chenyewe. Shehena hiyo ilifikia takriban mita za ujazo milioni 14. Wenye ardhi waliiuza au kuikodisha huku wakiwa na ahadi mkononi: sheria ya mwaka 2014 inaagiza kwamba udongo huo uondolewe na kuzikwa nje ya mkoa wa Fukushima kufikia Machi 2045.

Utekelezaji wa ahadi hiyo unategemea kiwango cha mnururisho kilichomo katika udongo. Mpaka uliowekwa ni bekereli 8,000 kwa kilo, bekereli moja ikiwa ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kwa sekunde. Udongo usiovuka kiwango hicho, ambao ni kama robo tatu ya wote, serikali inataka utumiwe kuinulia barabara na kingo, ukiwa umefunikwa kwa udongo safi. Uliosalia ni wa kuzikwa.

Maabara inaweza kupima konzi ya udongo kwa usahihi mkubwa, ndani ya kuta za risasi zinazozuia miale ya nje. Lakini matokeo hayo ni ya konzi hiyo tu. Sesiamu hung’ang’ania chembe za mfinyanzi kuliko za mchanga, hivyo pande mbili za mfuko mmoja zaweza kutofautiana sana. Isitoshe, hakuna maabara ambayo ingemudu mamilioni ya mifuko.

Kwa sababu hiyo, mifuko ilipimwa kwa nje. Kifaa huwekwa ubavuni mwa mfuko kisome nguvu ya miale kwa saa, mfuko hupimwa uzito, kisha hesabu hufanywa kupata bekereli kwa kilo. Haya ni makadirio, na mitego yake ni mingi. Udongo wenyewe humeza miale inayotoka katikati ya mfuko, kwa hivyo kifaa husikia zaidi sehemu ya nje. Udongo uliolowa huwa na uzito wa maji ambayo hayana sesiamu. Mifuko jirani nayo hutoa miale, na isipoondolewa katika hesabu, mfuko safi huonekana mchafu.

Mtego mwingine ni wa wakati, nao husahaulika kwa urahisi. Ajali ilitoa sesiamu-134 na sesiamu-137 kwa viwango vinavyokaribiana. Ya kwanza hupungua kwa nusu kila baada ya miaka miwili hivi, ya pili baada ya miaka 30. Kwa kuwa kila bekereli ya sesiamu-134 hutoa miale yenye nguvu zaidi ya maradufu, kizidisho kilichofaa mwaka 2012 hakifai leo: usomaji ule ule wa kifaa sasa unamaanisha bekereli nyingi zaidi.

Ghalani, mifuko ilipasuliwa, mizizi na mawe yakachujwa, na udongo ukapimwa upya na kutenganishwa kwa kiwango chake kabla ya kuhifadhiwa.

Kuoza kwa sesiamu kunaendelea huko huko chini. Udongo uliokuwa na bekereli 16,000 za sesiamu-137 kwa kilo mwaka 2015 utakuwa na takriban 8,000 ahadi itakapoiva mwaka 2045. Yaani, udongo fulani utavuka mpaka bila kuguswa na mtu.

Wakosoaji wanauliza mbona vifaa vinavyotoka katika vituo vya nyuklia vya Japani huruhusiwa kutumiwa popote vikiwa na bekereli 100 tu kwa kilo. Serikali hujibu kwamba 100 ni kwa vitu visivyofuatiliwa tena, ilhali udongo wa 8,000 utafunikwa na kusimamiwa, ili usimwongezee mwananchi zaidi ya milisiverti moja kwa mwaka. Jibu hilo lina mantiki, lakini linasimama mradi usimamizi wenyewe usilegee kwa miongo kadhaa.

Wakazi wa Tokyo na Tokorozawa walipinga majaribio ya kuutumia udongo huo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2022. Julai 2025, kiasi kidogo kilitandazwa katika bustani ya ofisi ya waziri mkuu ili kuwatuliza wananchi. Kufikia mwisho wa mwaka huo, eneo la maziko ya mwisho lilikuwa bado halijachaguliwa.