Heroe wa Nakuru na Siri ya Ziwa Natron

Leo tutasimulia habari za ziwa lililo mlangoni mwa mji wa Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kenya, na ndege wake mashuhuri, heroe, ambao wengi wenu huwaita flamingo. Twataka kujua hivi: je, waweza kumwekea mpaka ndege asiyejua mpaka?

Maji ya ziwa hilo ni ya magadi, hayanyweki. Lakini ndani yake huishi viumbe vidogo mno, ambavyo jicho halivioni ila kwa vile vinavyoyageuza maji kuwa ya kijani. Hicho ndicho chakula cha heroe mdogo. Huinamisha kichwa, mdomo ukawa juu chini, akayachuja maji. Na ile rangi yake ya waridi hutokana na chakula hicho.

Mwaka 1960 sehemu ya ziwa ilitengwa iwe mahali pa kulinda ndege, na mwaka 1968 ikawa Hifadhi ya Taifa. Ilikuwa fikira ngeni, maana siku zile hifadhi zilikuwa za tembo na simba. Karibu na wakati huo waliletwa perege wadogo kutoka Ziwa Magadi, ili wale viluwiluwi vya mbu. Perege wakazaana, na mwari wakaja kwa maelfu kuwala. Wageni hao hakuna aliyewaalika!

Basi, heroe walitaga wapi? Nakuru walionekana wakila tu, viota havikuonekana. Mwaka 1954 Bwana Leslie Brown, ofisa wa kilimo katika Kenya, alipita kwa eropleni juu ya Ziwa Natron, upande wa Tanganyika, akaviona viota katikati ya ziwa. Alijaribu kuviendea kwa miguu, akazama katika tope la magadi. Alitoka hai, lakini miguu iliungua vibaya hata akalazwa hospitali. Tope hilo lililomchoma ndilo linalowalinda makinda, kwa kuwa fisi na mbweha hawalipiti.

Hata leo, Natron ndipo mahali pekee katika Afrika ya Mashariki ambapo heroe wadogo huzaa kwa kawaida. Nakuru ni sahani yao tu, na kati ya sahani na kitanda cha uzazi umepita mpaka wa nchi mbili. Kwa hiyo mwaka 2006, ulipotokea mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi huko Natron, waliopinga hawakuwa Watanzania peke yao.

Na sahani nayo haitulii. Katikati ya miaka ya 1990 ziwa la Nakuru lilikaribia kukauka. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda, yakafunika lango la zamani na kuiua migunga ya ukingoni. Magadi yakapungua nguvu, chakula kikapungua, na heroe wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ua wa hifadhi haukuweza kuwazuia.

Ukifika ziwa lolote kati ya hayo, tazama midomo. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu wa giza. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Wenye manyoya ya kijivu ni vijana. Hao, yamkini, wametoka Natron.