Mama Luka, munganga aliyerudi



Sisi wa Nyangwe tukisikia habari ya munganga Mzungu, tunamfikiri Livingstone, aliyeona wanawake wetu wakiuawa kwa bunduki hapa sokoni tarehe 15 Julai 1871. Leo tunaleta habari ya munganga mwingine, mwanamke, nayo iko karibu zaidi na machozi yetu.

Helen Roseveare alisomea uganga Cambridge, Uingereza, akafika Kongo mwaka 1953. Baadaye akapewa kazi Nebobongo, karibu na Ibambi, kule Uele. Hospitali ilibidi ijengwe. Yeye mwenyewe alichoma matofali pamoja na wafanyakazi mpaka vidole vikatoka damu, kisha akaitwa kupasua mgonjwa kwa mikono hiyohiyo. Akafundisha vijana wa Kongo uuguzi. Watu wakamwita Mama Luka, kwa ajili ya Luka yule tabibu wa Wakolosai 4:14.

Mwaka 1964 Wasimba wakafika, wale wale walioshika Kindu yetu. Walimpiga mpaka meno yakavunjika, na usiku mmoja wa mwezi wa kumi wakambaka. Tunaliandika neno hilo wazi, maana yeye mwenyewe alilisema wazi, katika vitabu na mbele ya makanisa. Akiwa bado mateka, aliongea na sista mmoja Mkatoliki aliyetendwa vivyo hivyo, aliyedhani usafi wake umekwisha. Akamweleza kwamba haukupotea.

Hapa, wapendwa, tunaona haya. Dada zetu walirudi kutoka porini, nasi tukawatoa kwenye kwaya, tukaacha waume zao wawafukuze. Sisi wachungaji tulinyamaza, tukakuita kunyamaza huko hekima. (Mwizi wa kuku tunamwita mbele ya kanisa siku hiyo hiyo!) Mbakaji hakuitwa; mama aliyebakwa ndiye aliyekalishwa kiti cha nyuma.

Mama Luka aliokolewa mwisho wa Desemba 1964. Angeweza kubaki kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwaka 1966 alirudi Kongo, akaenda Nyankunde, Ituri, akafundisha wauguzi mpaka 1973.

Jumapili ijayo, baada ya ibada, wazee wa kanisa na wamama viongozi watabaki. Tutaongea juu ya kwaya.